Mnyunyiza Chumvi wa Barabara ya Kumi na Tano

Nyie wadogo mnaopita hapa mkitoka madrasa, mnaoniuliza kila jioni "Dada Tatu, mihogo iko wapi?", kaeni hapo kwenye kizingiti. Na kwanza muniamkie. Mimi ni mstaafu.

Msicheke. Ndiyo, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na kesho nina jaribio la hesabu ambalo sijalisomea. Lakini nimefanya kazi moja kwa miaka saba, tangu darasa la tatu, na mwaka jana nilistaafu. Kuna mzee mtaa wa pili alifanya kazi bandarini, akastaafu, na kila siku anawakalisha watoto anawasimulia habari za makontena. Hakuna anayemuuliza umri. Basi na mimi ninayo ya kusema, na ninayasema kwa hasira. Anayetaka hadithi ya kumlaza aende kwa bibi yake.

Kazi yangu ilikuwa kunyunyiza chumvi.

Shangazi yangu Mwanaisha, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa na karai la mihogo na viazi mbele ya nyumba hii hii, hapa mlipokaa, na ndiyo maana kizingiti kina weusi ambao hautoki kwa sabuni yoyote. Yeye alikaanga, mimi nilinyunyiza. Mnaiona kazi ndogo? Hamjui kitu. Chumvi yetu ilikuwa ya mawe, ile ya mashamba ya huku pwani, imelowa hata wakati wa kiangazi. Unaianika kwenye sinia, unaitwanga kwenye kinu kidogo, unaichunga kwa chekeche, halafu unatia punje za mchele mkavu kwenye kopo ili isigande. Muhogo ukitoka kwenye mafuta una dakika yake ya kushika chumvi. Ukipoa, chumvi inateleza inakwenda kulala chini ya sinia. Kwa hiyo unasubiri umesimama, mkono tayari, kama golikipa. Na hunyunyizi kwa karibu. Unainua mkono mpaka usawa wa bega, chumvi ishuke imetawanyika. Ukinyunyiza kwa karibu, muhogo mmoja utakuwa wa bahari na wa pili wa hospitali.

"Usiwe na mkono wa choyo, Tatu," Shangazi alikuwa akiniambia. "Mteja akilamba vidole, kesho anarudi."

Basi sikuwa na choyo. Nilianza na vidole vitatu. Baadaye nikagundua chupa ya maji: nikatoboa kizibo kwa msumari wa moto, matundu saba, nikajiona mhandisi. Wateja wakalalamika kwamba chupa inabana. Nikaongeza matundu matano. Hata hivyo hawakutosheka. Wakawa wanaichukua wenyewe mkononi na kuitikisa kama wanamwamsha mtu aliyezimia.

Na mafuta! Mafuta ya karai letu hayakuwahi kumwagwa. Yaliongezwa. Yakipungua, Shangazi alitia mengine juu yake, kwa hiyo kule chini kabisa kulikuwa na mafuta niliyomaliza nayo shule ya msingi. Yalikuwa meusi kama kahawa na yalitoa moshi wa kuliza macho. Mteja akiyatazama kwa wasiwasi, jibu lilikuwa tayari: "Ndiyo utamu wenyewe huo." Na mimi niliitikia, eti ndiyo, ndiyo utamu. Nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Niwasimulie kosa langu kubwa la kwanza kazini. Nilikuwa darasa la tano, wenzangu wanacheza kombolela pale kona. Nikanyunyiza sinia, nikakimbia kuchungulia nani kashikwa, nikarudi, nikasahau, nikanyunyiza tena. Sinia nzima imepigwa chumvi mara mbili. Na aliyekuja kula ni Mzee Semhando.

Mzee Semhando mnamjua, yule Mbondei fundi baiskeli wa kibanda kile cha mbele. Nikamwona anatafuna. Akafumba macho. Nikajua nimekwisha.

"We Tatu," akasema.

"Naam, babu."

"Leo ndiyo umenyunyiza! Siku zote ulikuwa unafanya masihara."

Tangu siku hiyo hakutaka nyingine. Akija ananiambia, "Nipe ile ya siku ile," na mimi nampa ile ya siku ile. Miaka! Mtoto wa darasa la tano anamjaza mzee chumvi, na mtaa mzima unamsifu mtoto ana mkono mzuri. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema basi, inatosha. Mkivunja glasi mnachapwa. Mkichelewa madrasa mnachapwa. Mkimlisha mzee chumvi ya kuhifadhia papa, mnapewa zawadi ya soda. Nani ametunga sheria hizi?

Na huyo Mzee Semhando, fundi baiskeli, mikono imejaa grisi ya minyororo ya watu, yeye mwenyewe hapandi baiskeli. Akitaka kwenda Barabara ya Kumi na Nane, hatua ambazo kuku anaweza kuzitembea bila kuchoka, anapunga mkono bodaboda. Nikamuuliza siku moja, "Babu, hizi baiskeli zote hapa huwezi kuazima moja?" Akaniambia baiskeli ni za watu wasio na shughuli. Huyo anatengeneza baiskeli tangu kabla baba yangu hajazaliwa!

Lakini nisimseme yeye peke yake, maana nyumbani kwangu hali ilikuwa ile ile. Shangazi alikuwa na baiskeli nyeusi ya kike. Nikiwa mdogo alinipakia nyuma, tunakwenda sokoni alfajiri kuchagua mihogo, kanga yake imekazwa kiunoni, anawapita wanaume. Halafu akapata namba ya simu ya mtu wa guta la kubebea mizigo. Mihogo ikawa inaletwa mlangoni. Baiskeli ikawa kamba ya kuanikia nguo. Yeye akakaa kwenye kigoda mbele ya karai kuanzia adhuhuri mpaka isha, anaonja kimoja, anaonja cha pili, anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, na akisimama anasema "Yallah" kama mtu anayebeba gunia.

Haya. Sasa ndiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Nikiwa kidato cha pili, Shangazi alimsindikiza Bi Kidawa hospitali. Bi Kidawa ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, shoga wa Shangazi tangu wakiwa mabiharusi. Ndiye aliyekuwa mgonjwa: miguu imevimba, kichwa kinamgonga, na ana kadi ya kliniki ambayo alikuwa haendi nayo kliniki. Na mimi nilikwenda kuwabebea mkoba. Tumekaa kwenye benchi, muuguzi akamwambia Shangazi, kama utani tu, "Na wewe mama lete mkono, nikupime bure." Mashine ikamkaba mkono, ikanguruma. Muuguzi akaitazama. Akapima tena. Halafu akanitazama mimi, si Shangazi.

"Huyu ni nani yako?"

"Shangazi yangu."

"Anakula chumvi?"

Nikataka kucheka. Nikakosa pa kuanzia.

Alipewa vidonge vya presha. Kimoja kila asubuhi, siku zote, awe mzima awe hoi. Akaambiwa apunguze chumvi, aachane na mafuta yaliyorudiwarudiwa, atembee kila siku, arudi kliniki kila mwezi. Nami kwa kimbelembele changu nikauliza, "Je, siku ikizidi nitajuaje?" Muuguzi akanijibu kama mtu mzima, Mungu ampe kheri. Akasema mdomo ukienda upande, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakitoka kama ya mlevi, usingoje kitu. Mlete, saa ile ile.

Tukarudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza akameza. Ya pili akameza. Ya tatu nikamwona anachukua beseni la mihogo moja kwa moja.

"Shangazi, kidonge."

"Leo mzima mimi. Presha yangu naijua ikipanda, naisikia hapa kisogoni. Ikipanda nitameza."

"Muuguzi kasema presha haina sauti! Inapimwa kwa mashine!"

"Muuguzi ana kisogo changu?"

Umjibu nini mtu kama huyo? Nyie mkiwajibu hivyo walimu mnasimamishwa shule.

Vidonge alivitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Na hapo ndipo mtaa wetu ulipofanya kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria masikio yananiwaka. Mnajua huku kwetu mtu akiishiwa chumvi haangaiki, anamtuma mtoto na kikombe kwa jirani. Sukari, ndimu, kaa la moto, sindano na uzi, vyote vinaazimwa. Ukimnyima jirani, jina lako limeharibika hadi kwa wajukuu. Basi habari zikatoka kwamba kwa Mwanaisha kuna vidonge vya presha. Wa kwanza alikuwa Bi Kidawa.

"Hodi shoga. Niazime kidonge kimoja, leo kichwa kinanigonga kama ngoma ya twari."

"Karibu. Chukua viwili, usihangaike kurudi."

Niko pale, nimeshika daftari, nasikia. Eti usihangaike kurudi! Na walirudi. Akaja mwingine pia, ambaye hajawahi kupimwa maisha yake, alikuwa amegombana na mkwewe tu. Akapewa nusu. Na kwa kuwa ni watu wastaarabu, walirudisha! Bi Kidawa alirudisha vitatu, vya rangi ya manjano, wakati vya Shangazi vilikuwa vyeupe. Nikamuuliza, "Bi, hivi ni vya nini?" Akasema, "Vya hospitali." Vikatiwa humo humo kwenye kopo. Baada ya mwezi kopo lilikuwa na vyeupe, vya manjano na vya waridi, kama peremende za Idi.

Siku ya kliniki nilichukua kopo zima, nikamwagia muuguzi mezani. Vile vya manjano, kumbe, vilikuwa vya ugonjwa wa sukari. Muuguzi alishika kichwa. Akamsema Shangazi mpaka benchi zima likanyamaza. Akachambua, akatupa, akampa vipya, akamwapisha asigawe tena.

Njiani nilikuwa nimevimba kwa ushindi. Nikamwambia, "Umesikia sasa? Akija mtu, sema huna."

Shangazi akasimama pale pale barabarani.

"Tatu, mimi nimekuja mtaa huu nikiwa mwali, sina mama wala dada. Mume wangu alipokufa ni hawa waliopika, waliochota maji, waliokaa na mimi eda nzima. Kidawa alinilisha kwa mkono wake. Leo nimnyime kidonge kidogo kama punje ya mchele?"

 Na hiyo ndiyo sababu ya hasira yangu kuwa kubwa hivi, wadogo zangu. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumpiga. Huyu alikuwa anajiua kwa wema.

Kwa kuwa kopo lilinishinda, nikaamua kupambana kwenye karai, huko ndiko nilikokuwa fundi. Nikaziba matundu ya chupa kwa nta ya mshumaa, moja kila wiki. Nikaongeza ndimu kwenye chachandu ya kuchovyea, nikatia kitunguu saumu na pilipili mbuzi. Wiki ya kwanza hakuna aliyejua. Ya pili, hakuna. Nikajiambia, mimi ni daktari. Siku Shangazi alipokwenda msibani Pangani nilithubutu zaidi: nikamwaga mafuta yote ya karai. Ndiyo, yale ya ukoo! Aliporudi akauliza mbona mihogo imekuwa myeupe kama wazungu wa ufukweni Ushongo. Nikamwambia ni mihogo ya msimu mpya. Akaamini, akamsifu mtu wa guta.

Mzee Semhando hakuamini. Wiki ya tano aliweka muhogo chini.

"Nani mgonjwa humu?"

"Hakuna, babu."

"Mbona hii mihogo ya wodi?"

Kesho yake alikuja na chumvi yake. Mfukoni, kwenye kipande cha gazeti! Anachovya, anatafuna, ananitazama usoni. Wateja wengine wakaona, wakaanza kuomba, "Mzee tupitishie." Nimefanya hila ya wiki tano, mzee wa watu kaivunja kwa kipande cha gazeti. Na Shangazi, ambaye ndiye niliyemfanyia yote hayo, akacheka mpaka akafuta machozi, akanyoosha mkono na yeye akachovya.

Niambieni. Nani alikuwa mtoto pale?

Siku yenyewe ilikuwa baada ya swala ya alasiri, niko kidato cha tatu, nimetoka shule, sare bado iko mwilini. Asubuhi ile Bi Kidawa alikuwa amekuja. Kopo lilikuwa na kidonge kimoja. Shangazi alikuwa hajameza, na alikuwa hajameza tangu wiki iliyotangulia maana vilikuwa vinakwenda kwa majirani. Kimoja hicho akampa. Nilikiona. Nikagombana naye, nikaondoka kwenda shule bila kuaga, na hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Sasa alasiri ile ameshika upawa, anageuza viazi. Upawa ukaanguka. Nikadhani umemteleza. Akainama kuuokota kwa mkono wa kushoto, ule ule anaokaangia, mkono ukapita pembeni, kama wa mtu anayetafuta kitu gizani. Akanigeukia kuniambia neno. Neno halikutoka neno. Na mdomo wake ulikuwa umekwenda upande.

"Shangazi, inua mikono. Yote miwili."

Mmoja ukainuka.

Nikapiga ukelele. Bi Kidawa akatoka mbio, akina mama wakajaa, na Bi Kidawa akashika usukani.

"Upepo huo! Umempitia upepo! Msimguse, mwiteni mganga amsomee!"

"Bi, si upepo! Ni presha! Twende hospitali!"

"We mtoto nyamaza, hujui kitu. Haya mlazeni ndani. Na hiyo kanga ya mafuta, atatokaje nayo mbele za watu? Leteni ile ya harusi, leteni buibui, mpakeni marashi." Wakambeba, wakamwingiza ndani.

Mwenzenu nilisikia neno marashi, nikapata wazimu. Mtu mdomo umepinda, mkono umekufa, na watu wazima saba wanatafuta chupa ya marashi! Nimefundishwa tangu utoto kwamba mkubwa hajibiwi. Siku ile niliwajibu wote kwa pamoja. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia Bi Kidawa, ambaye alinifunga nepi, "Toka mlangoni kabla sijakumwagia karai!"

Akatoka. Kila mtu alitoka.

Na aliyesogea ni Mzee Semhando.  Alikuwa ameshasimamisha bajaji katikati ya barabara, kasimama mbele yake mikono wazi, na abiria wake kashushwa anagombana. Mzee akaingia ndani, akamshika Shangazi upande ule ulioshindwa, mimi upande wa pili, tukamtia kwenye bajaji na kanga yake ya mafuta, miguu mitupu, ananukia viazi. Bi Kidawa akarukia mbele kwa dereva huku analia.

Hospitali daktari aliuliza maswali kwa haraka. Ilianza saa ngapi? Nikamwambia. Ana presha? Ndiyo. Anameza dawa?

"Anameza," akasema Bi Kidawa. "Anameza sana huyu, daktari."

"Hamezi," nikasema. "Anawagawia majirani. Cha mwisho amekupa wewe leo asubuhi, uko nacho tumboni."

 Daktari aliandika. Bi Kidawa alijifunika uso kwa mtandio, na sikumwonea huruma. Nilitaka, lakini haikuja.

Shangazi hakufa. Nawaambia mapema maana naona huyo wa mwisho ameshaanza kupepesa macho. Walisema kuwahi kulimsaidia. Alilala wodini siku nyingi, mdomo ukarudi karibu wote, maneno yakarudi yakiwa yanaburuta mguu kidogo. Mkono wa kushoto unafungua na kufunga, lakini hauwezi kugeuza upawa. Karai likaoshwa, likafunikwa kule uani, na mimi nikastaafu. Hakukuwa na sherehe. Mafao yangu ni kovu hili la mafuta kwenye kiganja.

Siku hizi mnaona tunauza machungwa ya Muheza yaliyomenywa. Yeye anapanga, mimi namenya nikitoka shule. Na asubuhi kabla ya shule tunatembea: mpaka Barabara ya Ishirini na kurudi, mkono wake kwenye bega langu. Wanawake wanaofagia barazani wanatuuliza, "Mwaenda wapi?" Nasema, "Hatuendi." "Sasa mwatembeani?" Watu hawa! Ukipanda bodaboda kwenda dukani hakuna anayekuuliza, ukitembea bila safari unaonekana mwendawazimu. Na wiki ile ya kwanza ya machungwa, Mzee Semhando, yule yule aliyembeba Shangazi kwa mikono yake, yule aliyeona kila kitu kwa macho yake, alichukua chungwa, akalipasua, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Tatu, hamna chumvi na pilipili?"

Nilimtupia ganda.

Akanunua jingine, akalila hivyo hivyo, uso umekunjwa kama ananyweshwa mwarobaini. Lakini Jumatano iliyofuata, tuko kliniki na Shangazi, alijileta huko mwenyewe, na alikuja kwa baiskeli.  Nilimtazama tu mpaka akasema, "Nini?"

Imebaki moja, halafu mwende nyumbani.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu Shangazi atoke hospitali. Mimi namtengea uji, kidonge kiko kwenye kisahani. Hodi. Ni Bi Kidawa. Tangu siku ile ya bajaji alikuwa anakuja kila siku, anafua nguo za Shangazi, anamkanda mkono, anapika. Siwezi kumsingizia kwamba hakujuta. Akaketi mkekani, akashika kichwa.

"Mwanaisha," akasema, "leo nimeamka vibaya. Kadi yangu siijui ilipo. Niazime kimoja tu, leo tu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shangazi aliniwekea mkono gotini, ule mzima, nikanyamaza.

Alimgeukia shoga yake. Huyu ndiye aliyemlisha eda nzima.  Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona Shangazi akimrudisha mtu mikono mitupu kutoka mlango huu.

"Ninacho," akasema, maneno yanaburuta. "Sikupi."

Bi Kidawa alidhani hakusikia vizuri.

"Sikupi, Kidawa. Chukua buibui lako. Tatu atakupeleka upimwe. Shule ataikosa leo. Lakini hiki changu, sikupi."

Bi Kidawa aliinuka, akatoka, mlango akauacha wazi. Mbele ya macho yangu Shangazi akaanza kulia, bega moja linatikisika, la pili limetulia. Nikamwuliza analilia nini, amefanya vizuri. Akasema, "Sijawahi kumnyima mtu, Tatu. Sijui kesho atanisema vipi."

Nje nikasikia mtu anakohoa. Bi Kidawa alikuwa amesimama barazani, buibui limevaliwa kinyume kwa hasira, mkoba kwapani.

"Sasa huyo mtoto anakuja," akafoka kutokea huko, "au nife hapa hapa mlangoni kwenu?"

Nikavaa viatu. Shangazi akafuta uso kwa ncha ya kanga, akachukua kidonge kwenye kisahani, akakitia mdomoni, akanywa maji. Nikamwambia afungue mdomo. Akafungua. Nikamwambia ainue ulimi.

"We mtoto huna adabu!"

Sina. Niliinama, nikaangalia mpaka chini ya ulimi.